Anga na Shimo: Teknolojia ya Siku Zijazo katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, riwaya ya Kiswahili imezoea kuziweka angani nchi inazotaka kuzifikiria. Kusadikika yenyewe ni nchi inayoelea juu, na wajumbe wake hutumwa pande sita kutafuta maarifa yatakayoifaa: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wanaporudi hutiwa gerezani, na Karama ndiye anayezisimulia safari zao mbele ya baraza. Kesi hiyo imejadiliwa mara nyingi kwa upande wa sheria na wa ukoloni. Hapa itazamwe ile orodha ya pande sita tu. Mwandishi wa 1951 alikubali kwamba elimu mpya yaweza kutoka juu, na kwamba yaweza vilevile kutoka chini. Waandishi waliokuja baadaye kuandika juu ya sayansi na kesho ya binadamu walishika njia ya juu, na ile ya chini wakaiacha.

Makala haya yanahakiki riwaya tatu kwa upande huo mmoja: Mzingile ya Euphrase Kezilahabi (1991), Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002). Zote tatu zinahofia au kutumainia yale ambayo uvumbuzi mpya utaifanyia jamii. Katika zote tatu, hata hivyo, teknolojia hufika ikiwa imekwisha kutengenezwa. Huanguka, huruka au hutawala, lakini haichimbwi, haiyeyushwi, haisafirishwi, wala haina mshahara wa mtu yeyote. Kwa msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi upungufu huo si jambo dogo, kwa kuwa yeye anaishi mahali inapoanzia.

Chombo kilichojipaa chenyewe

Walenisi ndiyo iliyo nyepesi zaidi kati ya hizo tatu, na labda ndiyo iliyosomwa kwa furaha zaidi. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, hutiwa katika chombo cha kurushwa angani ili aangamie humo. Badala ya kuangamia hujifunza kukiendesha na kufika katika ulimwengu mwingine, ambako watu wanaishi bila kunyonyana. Jina la ulimwengu huo ni fumbo la waziwazi: wale ni sisi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya kwa sababu za kisiasa. Anga kwake ilikuwa mahali pa kusemea yale yasiyosemeka chini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Shaaban Robert pia chini ya utawala wa Waingereza. Kwa hiyo si haki kuulaumu mtindo wa fumbo kana kwamba ni uvivu wa mwandishi. Fumbo lilikuwa ngao.

Pamoja na hayo, chombo chenyewe katika Walenisi hakina tofauti kubwa na zulia la hadithi za kale. Kazi yake ni kuvusha mtu. Mkangi, ambaye anajali sana nani anafanya kazi na nani anakula matunda yake, hakuuliza swali hilo juu ya chombo kinachombeba shujaa wake. Ajabu ni kwamba katika riwaya hizi tatu yeye ndiye aliyekuwa na zana zote za kuliuliza.

Moto usio na chanzo

Mzingile ni kazi nzito zaidi, na inastahili kusomwa polepole. Ilitoka mwaka mmoja baada ya Nagona, na wasomaji waliomjua Kezilahabi wa Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo walishtushwa nazo zote mbili. Kisa kimevunjwavunjwa, wakati hauendi kwa mstari, safari ya msimulizi kumtafuta mzee ni safari ya mtu katika nafsi yake na katika dini zake kwa pamoja. Kisha dunia inateketea. Silaha za nyuklia zimeimaliza, na msimulizi anatembea katika mabaki yake, hadi mwanzo mpya wa binadamu unapoanza kuonekana kwa mbali.

Kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo nzuri kabisa katika nathari ya Kiswahili. Nguvu yake inatokana na utulivu: maangamizi hayapigiwi kelele. Isitoshe, hofu iliyozizaa ilikuwa ya kweli. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya makombora ya Marekani na ya Urusi ya Kisovieti kuelekezana, na mwandishi wa Afrika alikuwa na haki sawa na yeyote ya kuogopa kufa katika vita visivyomhusu.

Lakini ni kweli kwamba havikumhusu? Hapo ndipo Mzingile inapotoa jibu bila kujua kwamba imeulizwa. Moto wake hauna chanzo kinachosimuliwa. Unakuja kama gharika ya Nuhu: umeamriwa, umetimizwa, umepita. Kitu kilichotengenezwa na watu wa kazi, katika miaka inayohesabika, kwa madini ya mahali panapojulikana, kimegeuzwa kuwa tendo la majaliwa. Kwa kufanya hivyo riwaya imeipa sayansi heshima ambayo hata wanasayansi wenyewe hawakuidai, yaani heshima ya kutokuwa na historia.

Yuko atakayejibu kwamba Kezilahabi hakukusudia kuandika historia. Katika tasnifu yake ya udaktari aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, na katika kazi zake za baadaye, shabaha yake ilikuwa kuvunja namna ya kufikiri iliyomtenga mtu na kuwako kwake. Bomu kwake ni ishara ya fikra hiyo ikifika mwisho wake. Kumtaka aonyeshe mgodi ni kumtaka aandike kitabu kingine. Jibu hilo lina uzito, na halipaswi kupuuzwa. Ila ishara nayo hubeba kile ilichokatwa kutoka kwake. Mwandishi anapochagua gharika, amechagua maji, na maji hayana mwenyewe. Akichagua bomu la nyuklia amechagua kitu chenye mwenyewe, chenye bei na chenye hati za kusafirishia mizigo. Ishara ikisahau hayo yote, msomaji hufundishwa kuinamisha kichwa mbele ya kitu ambacho babu yake huenda alikibeba mabegani.

Barua, ghala na mgodi

Wamitila alipiga hatua mbele. Katika Bina-Adamu! mhusika mkuu hutembezwa katika kijiji cha utandawazi, akitafuta chanzo cha taabu ya watu wake, na miongoni mwa mahali anapofikishwa ni Japani, penye makovu ya bomu la Hiroshima. Hapa teknolojia ina jina na ina mahali. Mtu anayeitwa P.P., aliyefichwa nyuma ya ukuta wake, anawakilisha mamlaka inayoichezea dunia kama mtoto asiyekua. Riwaya hii imejaa marejeo ya vitabu vingine, wakati mwingine kupita kiasi, hata msomaji akahisi anafanyiwa mtihani. Lakini hasira yake ni ya kweli na shabaha yake iko wazi.

Tatizo ni kwamba riwaya inaanzia pale bomu lilipoangukia. Lilikoanzia hapajulikani humo.

Mwaka 1915 Robert Sharp, aliyekuwa akiitafutia madini kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aligundua urani mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo. Wakati ule urani haikuwa na thamani kubwa kwa nafsi yake. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, kwa matibabu ya saratani na kwa rangi zinazong'aa gizani katika nyuso za saa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 madini yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kusafishwa. Miaka ya 1930 ilipokaribia kwisha mgodi ulikuwa umefungwa na kujaa maji.

Tarehe 2 Agosti 1939 ndiyo iliyoandikwa juu ya barua ya Albert Einstein kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Barua hiyo ilieleza kwamba urani yaweza kuwa chanzo kipya cha nguvu na kwamba mabomu ya aina mpya yaweza kufuata. Iliongeza kwamba Marekani ina urani hafifu tu, kwamba ipo kiasi Kanada na Chekoslovakia, na kwamba chimbuko lililo muhimu zaidi ni Kongo ya Wabelgiji. Yafaa barua hiyo isomwe kwa jicho lile lile linalosomea riwaya. Ni andiko juu ya wakati ujao, fupi, la adabu, lenye hofu. Na Kongo imo ndani yake. Imo kama ghala. Watu waliokuwa wakiishi juu ya ghala hilo hawamo.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe, yakakaa ghalani Staten Island hadi Septemba 1942, ambapo Kanali Kenneth Nichols alimwendea ofisini kuyanunua. Mgodi ulitolewa maji na kufunguliwa tena kwa msaada wa wahandisi wa jeshi la Marekani. Mambo hayo yote yalifanywa kwa siri. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Katanga.

Kwa hiyo mhusika wa Wamitila anaposimama mbele ya makovu ya Hiroshima kama mgeni Mwafrika aliyekuja kuona dhambi ya wengine, yuko karibu na nyumbani kuliko anavyodhani. Hilo halina maana kwamba wachimbaji wa Shinkolobwe walikuwa na hatia; hawakuambiwa wanachochimba ni cha nini. Lakini mtu aliyechimba asijue, na mtu aliyeunguzwa asijue, ni kisa kikubwa kuliko kile cha mtalii wa utandawazi na mwovu aliyejificha nyuma ya ukuta. Kiswahili kilikuwamo katika kisa hicho, kwani ndicho kilichokuwa lugha ya kazi katika kambi za kampuni. Riwaya ya Kiswahili haimo.

Miaka 14 baada ya Hiroshima, mwaka 1959, kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kilianza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville. Madini yaliyotoka kama mchanga yalirudi kama elimu, angalau kwa wachache. Hata hilo lingetosha kuwa sura moja.

Mwaka 1991

Mwaka ule ule Mzingile ilipotoka, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri ya lithiamu inayochajiwa upya. Msingi wake ulikuwa kazi ya John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1980: upande mmoja wa betri ulitengenezwa kwa kiwanja cha lithiamu na kobalti. Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya betri hiyo mwaka 2019.

Kuziweka tarehe hizo pamoja si mchezo wa hesabu tu. Riwaya iliyokuwa ikitazama mbele kwa makini kuliko zote katika Kiswahili iliiona kesho kama moto mmoja mkubwa. Kesho yenyewe ilikuja ikiwa kitu kidogo cha kutiwa mfukoni. Haikuwa na mshindo. Iliingia katika simu, kisha katika kompyuta, kisha katika magari, na kadiri ilivyoingia huko ndivyo Kolwezi ilivyobadilika: mashimo yakachimbwa kandokando ya nyumba, vijana wakaacha shule, wanunuzi wakaweka mizani barabarani, makampuni ya kigeni yakaja. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Shinkolobwe nayo ilirudiwa. Mashimo yaliyozibwa kwa saruji wakati wa uhuru yalizungukwa na wachimbaji wa mikono, ambao safari hii walitafuta kobalti. Julai 2004 sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu.

Historia hii ina umbo lake, na umbo hilo ndilo lingepaswa kumshughulisha mhakiki wa fasihi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipewa hataza ya tairi la kujazwa upepo. Baada ya miaka michache misitu ya dola ya mfalme Leopold iligeuka mahali pa mauti kwa sababu ya mpira, ambao uvumbuzi huo uliutaka kwa wingi. Kisha mashamba ya mpira ya Asia yakakua, na mpira wa porini wa Kongo ukapoteza soko. Radiamu ilifuata njia hiyo: Katanga ilikaribia kuwa muuzaji pekee duniani, mpaka machimbo ya Great Bear Lake huko Kanada yalipoanza kushindana nayo katika miaka ya 1930. Kuhusu kobalti, watengenezaji wa betri tayari wamegeukia kwa wingi aina ya chuma na fosfeti, isiyoihitaji kabisa. Na Februari 2025, bei ilipokuwa imeshuka mno, serikali ya Kinshasa ilisimamisha kwa muda kuuza kobalti nje. Kila mara uvumbuzi hufanyika mbali, hitaji lake hushukia kijiji fulani kwa ghafla, halafu uvumbuzi mwingine, wa mbali vilevile, huliondoa hitaji hilo na kukiacha kijiji na shimo.

Umbo hilo si la ndoto njema ya Walenisi wala si la kiama cha Mzingile. Kiama huja mara moja. Hapa mwisho wa dunia umekuja mara tatu au nne, na baada ya kila mara watu wameamka asubuhi wakatafuta mihogo. Riwaya ambayo inajua kuishi katika nyota tu, au kufa kwa moto tu, haina mahali pa kuliweka jambo kama hilo. Ndiyo maana tasnifu nyingi za wanafunzi zenye kichwa cha "athari za sayansi na teknolojia katika riwaya" huishia kurudia neno moja la malalamiko: teknolojia imetuharibia utu. Kosa si la wanafunzi. Vitabu walivyopewa havikuwapa cha kupima.

Roketi za Shaba

Anayedai kwamba anga ni ya mbali mno kwa fasihi ya Katanga akumbushwe kisa cha OTRAG. Mwaka 1976 kampuni hiyo ya Ujerumani Magharibi, iliyoongozwa na mhandisi Lutz Kayser, ilipata kutoka kwa Rais Mobutu haki ya kutumia eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000 katika mkoa ulioitwa Shaba wakati huo. Ilijenga kituo chake juu ya uwanda mrefu karibu na mto Luvua, katika nchi ya Manono na Moba. Shabaha ilikuwa kutengeneza roketi za bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, na kuwarushia satelaiti wale wasio na uwezo wa kulipa bei ya mataifa makubwa. Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ya tatu ilirushwa Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe; ilipaa kidogo, ikapinduka, ikaanguka. Mwaka 1979, baada ya mataifa mengine kushinikiza, kampuni iliondoka.

Mwandishi gani angebuni kisa bora kuliko hicho? Kinacho chombo cha angani, mtawala, wageni waliopangishwa nchi nzima, wanakijiji wanaotazama juu na kuuliza ile ni nini. Tena mkoa wenyewe ulikuwa umepewa jina la metali kwa Kiswahili. Katika Walenisi chombo kinapaa kwa sababu fumbo linataka kipae. Kando ya Luvua chombo kilianguka kwa sababu vyuma, mafuta na siasa havikukubaliana, na maanguko hayo yana mafundisho mengi zaidi juu ya sayansi kuliko upaaji wowote. Eneo la Manono sasa linazungumzwa tena duniani kote, mara hii kwa ajili ya lithiamu iliyo chini yake, na makampuni yamekwisha kufikishana mbele ya wasuluhishi wa kimataifa hata kabla mgodi haujaanza kuzaa kama ilivyokusudiwa.

Lugha iliyozaliwa kazini

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba visa hivyo havijaandikwa. Vimeandikwa, ila kwa Kifaransa. In Koli Jean Bofane, katika Congo Inc. (2014), alimchukua Isookanga, kijana wa msituni, akampa mchezo wa kompyuta ambamo makampuni hupigania madini, kisha akampeleka Kinshasa kuucheza kwa watu halisi. Humo urani ya Hiroshima na madini ya simu yamo katika hesabu moja iliyoanzia Berlin mwaka 1885. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, katika Tram 83 (2014) aliweka wachimbaji, wanafunzi na watalii katika baa moja. Sinzo Aanza, katika Généalogie d'une banalité (2015), aliwaonyesha watu wa mtaa mmoja wa Lubumbashi wakichimba chini ya nyumba zao wenyewe wakitafuta shaba. Vitabu hivyo vina kasoro zake, na Tram 83 wakati mwingine inapenda kelele zake yenyewe kuliko watu wake. Lakini katika vitabu hivyo kesho ina uzito, ina vumbi, ina bei ya kilo.

Hali ni ya kushangaza. Waandishi wa Nairobi na Dar es Salaam wana lugha lakini hawakuwa na mgodi. Waandishi wa Katanga wana mgodi, na wahusika wao, kama wangeachwa waseme wenyewe, wangesema Kiswahili. Lakini kalamu huchukua Kifaransa kwa kuwa shule, wachapishaji na zawadi ziko upande huo. Msomaji wa Congo Inc. mjini Brussels anaelewa zaidi juu ya kobalti na kesho kuliko mwanafunzi wa Kolwezi aliyepewa Mzingile peke yake.

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili cha Katanga hakifai kwa mambo hayo, kwamba ni Kiswahili cha kambini, kilichochanganyika na Kifaransa, Kibemba na Kiluba. Hoja hiyo imesimama juu ya kichwa chake. Kiswahili kiliota mizizi Katanga kwa njia ya reli, tanuri na kambi za wafanyakazi zaidi kuliko kwa njia ya jahazi. Kilikuwa lugha ambayo mtu wa Kasai, wa Rwanda na wa Rhodesia ya Kaskazini walipewa maagizo ya kazi kwayo na kapita wao, wakajifunza kwayo majina ya mashine, na baadaye wakagombana kwayo juu ya mshahara. Ikiwa kuna Kiswahili chochote kilichozaliwa ndani ya teknolojia mpya, ni hicho. Kukiona hakifai kusemea sayansi, wakati Kiswahili cha mashairi ya pwani kinaonekana kufaa, ni mazoea ya darasani tu. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani mjini Élisabethville kilikwisha kuandikiwa historia ya mji wao kwa lugha hiyo na André Yav, na kikundi cha Mufwankolo kiliigiza kwayo kwa miaka mingi mambo ya kazi na mamlaka.

Na jaribio moja la kuitazama kesho kwa Kiswahili hicho lipo. Kati ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian mjini Lubumbashi historia ya Zaire katika picha zipatazo 100, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba. Mitambo, reli, mabomba ya moshi ya kiwanda na wafanyakazi waliouawa walipogoma mwaka 1941 vimo ndani ya mfululizo mmoja na wafalme na marais. Hakuna picha za sayansi zilizowekwa kando na picha za watu. Karibu na mwisho anauvuka wakati wake na kuchora yale yatakayokuja, ambayo anasema kwamba yalimjia kwa kuwaza na kwa ndoto. Msikilizaji wake anamhoji. Yeye hababaiki, anaeleza rangi, anaeleza majengo, anakataa maana anazopewa, anatoa zake. Kitabu cha Fabian kilipotoka mwaka 1996 maelezo hayo yalikuwa yamefasiriwa kwa Kiingereza. Maneno yenyewe ya Tshibumba, kwa Kiswahili chake, yalitolewa baadaye.